Tovuti iliyofungwa wateja wakiwa bado wanaitumia

Tarehe 15 Mei 2015, mteja wa Myntra aliyewasha kompyuta yake ili anunue shati au gauni hakukuta nguo hata moja ya kununua. Alikuta ujumbe unaomwomba apakue apu kwenye simu. Tovuti aliyoizoea ilikuwa imefungwa. Haikuwa imeharibika wala kuvamiwa na wadukuzi. Wenye duka wenyewe ndio walioamua kuifunga, wakiamini kwamba siku za kompyuta zimekwisha na mustakabali wote umo kwenye simu.

Myntra ni duka kubwa la mitindo linalouza kwa mtandao nchini India, na makao yake ni Bangalore, mji ambao siku hizi huandikwa Bengaluru. Lilianza mwaka 2007. Mwaka 2014 lilinunuliwa na Flipkart, kampuni nyingine ya mji huohuo ambayo nayo ilianza mwaka 2007. Wenye duka hawakuwa wababaishaji. Walikuwa na wahandisi hodari na wawekezaji wenye fedha nyingi, na takwimu za wateja walizipata saa yoyote walipozitaka. Ndiyo maana nimeona nikisimulie kisa hiki kwa kirefu. Ikiwa watu wenye uwezo huo waliteleza, mimi na wewe tunaoamua mambo kama haya kwa fedha za kuungaunga tuna sababu kubwa zaidi ya kuangalia tunapokanyaga.

Huku kwetu Tanzania nako, siku hizi neno "apu" liko midomoni mwa kila mtu. Mwenye duka la nguo Kariakoo anaitaka, mwenyekiti wa saccos anaitaka, mkuu wa shule binafsi anaitaka, hata kanisa lenye waumini mia tatu linataka yake. Siwalaumu. Kuona nembo ya kazi yako ikikaa kwenye kioo cha simu ya mtu, jirani na WhatsApp, kunachangamsha moyo, na moyo wangu haujaumbwa tofauti na mioyo mingine. Mwenye kushauriwa akishachangamka hivyo, kumwambia "anza na tovuti" ni kama kumshusha hadhi. Tunaingia kwenye uamuzi tukiwa tumeshaamua.

Tuelewane kwanza kuhusu tofauti yenyewe, kwa maneno machache. Tovuti hukaa kwenye seva, na mteja huifikia kwa kubofya kiungo, iwe anatumia simu ya Android, iPhone, kompyuta ya ofisini au simu ya kuazima kwa jirani. Ukiirekebisha leo, wote wanaiona ikiwa imerekebishwa leo. Apu huwekwa ndani ya simu yenyewe. Lazima mteja aipakue, aipe nafasi, na aisasishe kila unapoibadilisha. Mara nyingi utahitaji kuandaa ya Android na ya iPhone, na kila moja ina duka lake lenye masharti yake. Google hutoza dola 25 mara moja kwa anayetaka kuweka kazi yake kwenye Play Store, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Kwa gharama hizo apu hukupa kitu cha maana: wepesi, kamera, alama ya kidole, arifa zinazomfikia mteja hata akiwa hajakukumbuka, na uwezo wa kufanya kazi mahali ambapo mtandao umekatika. Hakuna kati ya hizi mbili iliyo bora kwa kila mtu na kila kazi. Walioteleza kule Bangalore waliteleza kwa sababu walidhani moja imeshaishinda nyingine.

Walipofunga tovuti, Myntra walikuwa na hoja, tena hoja nzito. Walisema asilimia 95 ya watu waliowatembelea walikuja kwa simu, na asilimia 70 ya mauzo yalifanyika kwenye simu. Kwenye apu wangemfahamu mteja vizuri zaidi: yuko wapi, anapenda rangi gani, saa ngapi hununua. Wangemtumia arifa bila kuilipa kampuni yoyote ya matangazo. Badala ya kugawa wahandisi kwenye kazi kadhaa, wangewaweka wote kwenye kazi moja. Ukiambiwa hayo mkutanoni, na msemaji ana michoro inayopanda juu kila mwezi, utafanya nini? Naogopa wengi wetu tungenyoosha mkono kukubali.

Lakini zitazame tena takwimu zile mbili, taratibu, kwa kalamu na karatasi. Chukulia watu mia wametembelea duka: 95 wamekuja kwa simu, watano kwa kompyuta. Chukulia pia kwamba duka limeuza kwa shilingi mia: sabini zimetoka kwenye simu, thelathini kwenye kompyuta. Basi wale watano wa kompyuta wameleta shilingi thelathini, yaani shilingi sita kila mmoja. Wale 95 wa simu wameleta sabini, na ukizigawa, kila mmoja hafikishi hata shilingi moja. Mgeni mmoja wa kompyuta alikuwa na thamani ya wageni wanane wa simu. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Ilikuwa ndani ya sentensi ileile iliyotumika kuhalalisha kufungwa kwa tovuti.

Na yawezekana kabisa kwamba wengi wa wale watano walikuwa pia miongoni mwa wale 95. Mtu yuko kwenye basi akiangalia viatu kwa simu, anaviacha, jioni anakaa mbele ya kompyuta, anazikuza picha aone mshono, analinganisha viwili vitatu, ndipo analipa. Ukimhesabu kwa ziara, simu inaonekana imeshinda. Ukimfuata mwanadamu mwenyewe tangu asubuhi hadi alipotoa pesa, unaona njia mbili zilizokuwa zikisaidiana. Takwimu ya ziara haikuwa ya uongo. Ilijibu swali jingine, si lile walilopaswa kuuliza. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza iliyopuuzwa, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu haikufichwa mahali popote.

Dalili ya pili ilikuwa mikononi mwa wateja wenyewe: simu zao. Mwaka 2015 simu nyingi za bei nafuu nchini India zilikuwa na nafasi ya gigabaiti nne au nane tu, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na mfumo wa simu kabla mwenyewe hajaweka kitu. Kilichobaki kiliishia kwenye picha za watoto, nyimbo, na zile picha za maua zenye salamu za asubuhi ambazo hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kule kama huku. Siku simu inapoandika kwamba nafasi imejaa, mwenyewe hukaa chini na kuanza kuchagua cha kufuta. Hafuti picha za mwanawe. Hafuti WhatsApp. Anafuta apu ya duka ambalo hununua mara moja kwa miezi miwili.

Mtandao nao ulikuwa mzito. Watu wengi walikuwa bado kwenye 2G. Chukua kasi ya kilobiti mia moja kwa sekunde, ambayo kwa 2G si mbaya: kupakua megabaiti kumi kutachukua zaidi ya dakika kumi na tatu, ikiwa mtandao hautakatika katikati. Nani atakaa dakika kumi na tatu akisubiri mlolongo wa kupakua ufike mwisho ili tu aone bei ya suruali? Data ya bei rahisi ilikuja India baadaye, kampuni ya Jio ilipofungua huduma yake ya 4G mnamo Septemba 2016. Wenye duka walikuwa wamejenga kwa ajili ya India ambayo ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa njiani, ni kweli, na hilo liliwapa ujasiri. Lakini mteja hununua kwa simu aliyonayo leo.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo kila mfanyabiashara anaijua akiwa mkweli kwa nafsi yake. Maduka ya mtandaoni ya wakati ule yalitoa punguzo la ziada kwa anayenunua kupitia apu. Watu walipakua kwa wingi, na idadi ya waliopakua ikapanda. Ila mtu aliyekuja kwa ajili ya punguzo amekuja kwa ajili ya punguzo. Akishalipata anaweza kuifuta apu jioni ileile, na hesabu ya "waliopakua" haipungui hata kidogo. Ukisikia mtu anajivunia idadi ya waliopakua, muulize kwa upole: wangapi wameifungua wiki hii? Swali hilo moja lingeokoa fedha nyingi za watu wengi.

Halafu kuna watafutaji. Mtu anayeandika kwenye Google jina la aina ya viatu anavyovitaka huletewa kurasa za tovuti. Duka lisilo na kurasa halimo kwenye majibu hayo. Anayekujua tayari ataifungua apu yako, lakini asiyekujua atakupataje? Mteja hatakuomba kiungo ili akipeleke kwenye kundi la familia na kusema "nitazamieni hili gauni la harusi" ikiwa kila atakayekibofya ataambiwa kwanza apakue kitu. Watu wa familia watakibofya, wataona wanaambiwa wapakue, watarudi kwenye mazungumzo yao.

Na washindani walikuwa wakionekana wazi. Amazon ilikuwa inajijenga India miaka ileile na iliendelea na vyote viwili, tovuti na apu. Snapdeal nayo haikufunga tovuti yake. Mshindani wako anapoamua kubaki mahali ulipohama, huenda amepitwa na wakati, au huenda anaona wateja usiowaona. Inafaa kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili, na kujiuliza kabla ya kuhama.

Tena uamuzi huu haukuja kwa siku moja, na kwa hiyo nafasi ya kusimama ilikuwapo. Machi 2015, miezi miwili kabla, Myntra na Flipkart walikuwa wameshafunga zile tovuti zao za simu, zile kurasa nyepesi ambazo mtu angezifungua kwa kivinjari bila kupakua chochote. Hatua ile ilikuwa jaribio la kutosha. Wangeweza kukaa nalo mwaka mzima, wakawatazama waliopotea wamekwenda wapi. Badala yake Myntra ilisonga mbele na kufunga ya kompyuta pia, na mwezi Julai magazeti ya India yakaripoti kwamba Flipkart yenyewe ilikuwa na mpango wa kufuata mkondo huohuo ifikapo Septemba. Septemba ikapita. Flipkart haikuifunga tovuti yake ya kompyuta. Kuna mtu pale ndani, au pengine wengi, waliosoma dalili kwa wakati, na wanastahili sifa ambayo hawakuipata.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sidhani kuna kisa cha teknolojia kinachoingia kwenye methali hiyo vizuri kama hiki. Msala ulikuwa mzuri kweli, na leo wengi wanauswalia. Kosa lilikuwa kuutupa mbachao kabla ya kujua ni akina nani walioukalia.

Novemba 2015, miezi minane tu baada ya kuifunga, Flipkart iliirudisha tovuti ya simu. Iliirudisha kwa namna mpya, kwa jina la Flipkart Lite, ikiwa imejengwa kwa kushirikiana na watu wa Chrome, kivinjari cha Google. Ilikuwa tovuti, lakini mteja aliweza kuibandika alama yake kwenye kioo cha simu, ikafunguka haraka na kujaza skrini nzima kama apu, na ikaendelea kuonyesha kitu hata mtandao ulipoyumba. Haikudai nafasi kubwa wala haikumtaka mtu apite Play Store.

Takwimu zilizotolewa na Google kuhusu kazi hiyo zinafaa kusomwa polepole. Asilimia 63 ya waliotumia Flipkart Lite walikuja kwa mtandao wa 2G. Hebu fikiria maana yake: zaidi ya nusu ya watu hawa walikuwa wale ambao kuwalazimisha wapakue apu ni sawa na kuwaambia wasije. Muda ambao mtu alikaa kwenye tovuti ulipanda kutoka sekunde 70 hadi dakika tatu na nusu, ukilinganisha na ile ya simu iliyokuwapo kabla. Walioibandika kwenye kioo cha simu walinunua kwa kiwango cha asilimia 70 zaidi ya wengine. Na ilitumia theluthi tu ya data iliyotumiwa na apu yao wenyewe. Watu hawa hawakushushwa kutoka mbinguni mwezi Novemba. Walikuwapo tangu Machi, wakiwa na fedha zao na simu zao, ila hapakuwa na ukurasa wa kuwapokea.

Myntra ilichukua muda mrefu zaidi. Uongozi ulibadilika. Ananth Narayanan akaingia kama mkurugenzi mkuu, na Mukesh Bansal, mmoja wa waanzilishi wa Myntra, akaondoka kwenye kundi la Flipkart mwanzoni mwa 2016. Tovuti ya simu ikarudishwa, na tarehe 1 Juni 2016 tovuti ya kompyuta ikafunguliwa tena. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na siku kadhaa tangu siku ile ya Mei. Apu yao haikufa, wala haikupaswa kufa. Iliendelea kuwa njia kuu ya mauzo yao. Lakini haikuwa tena njia pekee.

Nisingependa mtu asome haya kisha aende mtandaoni kuitukana apu. Kuna walioteleza upande wa pili, na walikuwa wakubwa kuliko Myntra. Facebook, kwenye miaka ya 2011 na 2012, waliamua kutumia teknolojia ya tovuti kila mahali. Waliandika kurasa mara moja, wakazivalisha vazi la apu kwenye iPhone na Android, ili wasirudie kazi. Kwa mhandisi hilo ni wazo la kupendeza. Kwa mtumiaji lilikuwa mateso. Ukurasa ulikwama ukiusogeza kwa kidole, picha zilichelewa, na watu wakamwaga malalamiko na kuipa apu nyota moja. Agosti 2012 walilazimika kutoa apu mpya ya iPhone iliyoandikwa upya kwa lugha ya simu yenyewe, na Desemba wakafanya hivyo kwa Android. Septemba mwaka huo Mark Zuckerberg alisimama mbele ya watu San Francisco na kukiri kwamba kuegemea mno teknolojia hiyo ndilo kosa kubwa zaidi ambalo kampuni yake ilikuwa imelifanya, na kwamba liliwapotezea miaka miwili.

Kuna jambo alilolisema siku hiyohiyo ambalo wengi walilisahau. Alisema watu waliokuwa wakitumia Facebook kila siku kupitia kivinjari cha simu walikuwa wengi kuliko wa apu za iPhone na Android zikijumlishwa pamoja. Maana yake hata alipokuwa akijenga apu bora, hakuwa na ndoto ya kufunga tovuti. Na Juni 2015, mwezi mmoja tu baada ya Myntra kufunga yake, Facebook wakatoa Facebook Lite, apu isiyofika megabaiti moja, kwa ajili ya simu dhaifu na mitandao ya 2G. Walikuwa wamejifunza kumtazama mtu mwenye simu ya bei ndogo. Kampuni mbili, mwaka mmoja, simu zilezile, na maamuzi yaliyokwenda pande tofauti.

Sasa tugeukie kwetu, kwa sababu ndiko ninakowaza ninapoandika haya. Sisi tunao mfano mzuri ambao tumeuzoea hata hatuuoni tena. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na ilianza kwenye menyu ya laini ya simu, inayofanya kazi hata kwenye kitochi. Baadaye zikaja apu zake, nzuri, zenye picha na taarifa za miamala. Lakini menyu haikufungwa. Mama anayeuza samaki Feri, Dar es Salaam, anapiga *150*00#, anachagua namba, anatuma pesa, bila bando na bila kupakua kitu. Kijana wake aliye chuoni anatumia apu. Fedha ni ileile. Mtu angeweza kusema, kwa takwimu za vijana wa mjini, kwamba menyu imepitwa na wakati. Angekuwa amewahesabu walioko mbele ya macho yake tu.

Kwa hiyo unapokaa na mtengenezaji, usianze na "apu au tovuti". Anza na mtu. Mteja wako atahitaji kukufungua mara ngapi kwa mwezi? Matokeo ya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hutolewa kwenye tovuti, na mzazi huyatazama siku moja, kisha hana haja nayo hadi mwaka mwingine. Kumwambia mzazi huyo apakue apu kwa ajili ya siku moja hakuna maana. Shule inayotaka kuonyesha ada na ratiba iko karibu zaidi na hali hiyo kuliko inavyofikiri. Duka linalopata wateja wake kwa kutuma picha WhatsApp linahitaji kiungo kinachofunguka mara moja mtu anapokibofya, na bei ionekane kabla hajachoka. Lakini mhudumu wa afya anayezunguka vijijini, anayejaza taarifa za wajawazito mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kilima tu, huyo anahitaji apu inayohifadhi kazi yake ndani ya simu mpaka atakapofika penye mtandao. Dereva anayefuatwa alipo kila dakika anaihitaji. Wakala anayeifungua tangu asubuhi hadi jioni anaihitaji. Kwao usiwe na wasiwasi juu ya gharama, maana watakulipa kwa kuitumia.

Kwa wengine wengi, nasema bila kusita, anza na tovuti iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya simu. Sababu zilizokuwa zikiipa apu ushindi zimepungua. Tangu Machi 2023 hata iPhone inaruhusu tovuti iliyobandikwa kwenye kioo cha simu kutuma arifa, jambo ambalo kwa miaka mingi halikuwezekana. Android ilishalikubali zamani. Ukikua, na ukaona kwa macho yako kwamba kuna kundi la wateja wanaorudi kila siku na wanalalamikia wepesi, watengenezee apu hao. Wakati huo utajua wanataka nini, maana watakuwa wameshakuonyesha. Tovuti iache ibaki.

Na kama umeshatengenezewa apu na unafikiria kufunga tovuti ili upunguze gharama, nakuomba usubiri kidogo. Omba taarifa ya miezi mitatu inayoonyesha mauzo kwa kila njia, si ziara peke yake, uifanyie ile hesabu ya mgeni mmoja ameleta shilingi ngapi. Omba idadi ya walioifuta apu. Waulize wateja kadhaa waliokaa kimya muda mrefu kwa nini hawajarudi, na uwasikilize wakikuambia kwamba simu ilijaa, au bando liliisha, au kwamba nywila imesahaulika na hawakupata mtu wa kuwasaidia. Mambo haya hayaonekani kwenye michoro inayopanda.

Kisha nenda dukani ununue au uazime simu ya bei ya chini kabisa ambayo wateja wako wanaitumia, ile yenye kioo kilichopasuka kidogo ikibidi, ujaze bando la siku, utoke nje ya mji hadi mtandao udhoofike, na umwombe mtengenezaji wako afungue kazi yake mbele yako, atafute bidhaa moja na kuilipia mpaka mwisho. Tazama saa. Kama hataki kufanya hivyo, tafuta mwingine kabla hujalipa awamu ya kwanza.